Jibu la Eli: Kumzoeza Mtoto Mchanga Usingizi kwa Upole

Masomo: 1 Samweli 1:21-28 na 3:1-9

Mafundisho yetu leo ni ya usiku. Tunasema hasa na wazazi wa watoto wachanga, lakini nyanya, papa, majirani na wazee wa kanisa wasifunge redio. Usingizi wa mtoto mdogo ni kazi ya nyumba nzima, na mara nyingine ni kazi ya avenyu nzima.

Mnaikumbuka habari ya Samweli. Amelala hekaluni kule Shilo, na taa ya Mungu bado haijazimika. Anasikia anaitwa, anadhani ni mzee Eli, anakimbia mpaka kwake. Eli si kijana. Macho yake yameanza kufifia, na mzee akikatizwa usingizi haupati tena upesi. Lakini tazameni alivyofanya. Hakumpiga mtoto, wala hakumfokea. Alimwambia kwa maneno machache kwamba hakumwita, akamtuma arudi kulala. Mara ya pili mtoto akaja tena. Eli akamjibu vilevile, tena akamwita mwanawe. Mara ya tatu mzee akafikiri: kama mtoto huyu anaamka hivi, kuna sababu. Hapo ndipo akampa neno jipya.

Tushike mambo matatu katika jibu la Eli. La kwanza, mtoto alijibiwa kila mara. La pili, jibu lilikuwa fupi, la upole, na lilelile. La tatu, mtu mzima alitafuta sababu. Samweli hakuwa tena mtoto wa kunyonya, lakini mambo haya matatu yanamfaa hata mtoto wa miezi mitano.

Kwa nini redio ya kanisa iseme habari hii? Kwa sababu ni usiku ambapo watoto wetu wengi wanaumizwa na watu wanaowapenda. Mama ameamka saa kumi ya alfajiri kwenda kungoja sambaza ufukweni, ameziuza mpaka jioni, amepika, amefua, na sasa ni saa nane ya usiku na mtoto analia mara ya nne. Papa anageuka ukutani. Jirani anagonga mabati. Katika saa hiyo, mtu mwema anaweza kufanya jambo baya.

Wengine wanampa mtoto siro ya kikohozi kwa sababu wameona inalaza. Wengine wanamlambisha kasiksi kidogo. Wapenzi, huo si usingizi. Dawa na pombe vinalegeza mwili wa mtoto mpaka pumzi yake inapungua, na mwili mdogo hauna nguvu ya kujiokoa. Mtoto asipewe dawa yoyote ya kumlaza, isipokuwa mganga ameiandika kwa ugonjwa anaoujua. Pombe asipewe hata tone.

Wengine hasira inawashinda, wanamshika mtoto mabega na kumtikisa. Shingo ya mtoto mchanga ni dhaifu na kichwa chake ni kizito. Akitikiswa kwa nguvu, ubongo unajigonga ndani na mishipa ya damu inakatika. Sekunde chache zinatosha kumpofusha, kumlemaza au kumuua. Ukiona hasira inapanda, mlaze mtoto chali pahali salama, toka nje ya mlango, vuta pumzi, mwite mtu, rudi baada ya dakika chache. Mtoto aliyelia dakika tano akiwa salama hatakufa kwa kilio hicho. Mtoto aliyetikiswa anaweza kufa.

Na wengine wamesikia kwamba mtoto aachwe alie peke yake mpaka achoke, ndipo atakapozoea. Mtoto wa miezi ya kwanza hana neno lingine ila kilio. Samweli alikimbia kwa Eli kwa sababu alijua kule kuna mtu wa kujibu. Ujuzi huo mtoto anaupata kwa kujibiwa siku nyingi, na mtoto aliye nao ndiye anayeweza baadaye kunyamaza mwenyewe gizani bila hofu.

Sasa tujifunze usingizi wa mtoto ulivyo, maana hasira nyingi zinatoka katika kutojua.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto tangu kuzaliwa mpaka miezi 3 anahitaji kulala saa 14 mpaka 17 katika usiku na mchana wote. Tangu miezi 4 mpaka 11 anahitaji saa 12 mpaka 16. Ni usingizi mwingi, lakini unakuja vipande vipande. Tumbo lake ni dogo. Anaamka kila saa mbili au tatu kwa sababu ana njaa kweli. Tena mwili wake bado haujajua tofauti ya usiku na mchana. Ujuzi huo unaanza kuingia kidogo kidogo kati ya mwezi wa pili na wa nne. Kilio nacho kina majira yake: kwa watoto wengi kinaongezeka mpaka karibu juma la sita, kisha kinapungua. Mama mwenye mtoto wa majuma sita, usijihukumu. Uko juu ya mlima, na njia ya kushuka iko mbele yako.

Kwa hiyo katika miezi mitatu ya kwanza usimdai mtoto alale usiku kucha. Mnyonyeshe akitaka, usiku na mchana. Kunyonya kwa usiku ndiko kunakosaidia maziwa yaendelee kuja. Wala usimpe uji wa sosoma mtoto wa miezi miwili ili ashibe na kulala. Tumbo lake halijawa tayari, na mnaweza kujikuta mnashindana na kuhara badala ya usingizi. Maziwa ya mama peke yake yanatosha mpaka miezi 6.

Jambo moja tu unaweza kumfundisha tangu mwanzo: mchana ni mchana, usiku ni usiku. Asubuhi fungua mlango, mtoto aone mwanga. Mchana mnyonyeshe ukisema naye, watu wakipita, masufuria yakilia. Kwetu hapa jua linazama karibu na saa kumi na mbili ya magaribi mwaka mzima. Hiyo ni saa ambayo Mungu mwenyewe ametupigia kengele. Tangu hapo punguza mwanga na sauti. Usiku mnyonyeshe kimya, kwa taa ndogo. Telefone usiiwashe mbele ya uso wake. Taa ya Shilo nayo ilitosha.

Mtoto akifika miezi mitatu au minne, anza mpangilio wa jioni. Mnajua namna ibada yetu inavyokwenda: wimbo, maombi, neno, sadaka, baraka. Anayeijua ibada haulizi kitakachofuata. Moyo wake umetulia. Mtoto naye hana saa mkononi. Saa yake ni mpangilio. Basi kila jioni, kwa wakati uleule kadiri mnavyoweza, fanyeni mambo machache kwa kufuatana: mwoshe au mpanguse kwa maji ya vuguvugu, mpake mafuta, ukimsugua polepole miguu na mgongo, mvike nguo za kulala, mnyonyeshe, mwimbie wimbo mmoja, uleule, kwa Mashi, Kilega, Kihavu au Kiswahili, lugha yoyote ya moyo wako, mwombee kwa maneno mafupi, kisha mlaze. Nusu saa inatosha. Maji yakikosekana siku hiyo, ruka maji, lakini wimbo na maombi visikose.

Mlaze akiwa na usingizi mwingi, lakini kabla hajazama kabisa. Sababu yake ni hii. Usingizi wa mtoto mdogo unakwenda kwa vipande vya karibu saa moja, na mwisho wa kila kipande anafika karibu na kuamka. Akikuta mambo yako kama alivyoyaacha, anazama tena. Kama alilala mgongoni mwa mama, akajikuta peke yake kitandani, anashtuka na kuita. Si utundu. Hata wewe ungelala chumbani ukaamka barabarani, ungelia.

Lakini mama, usitupe kitenge chako. Mgongo na kifua ni vyema kwa mtoto. Huko Montreal, Kanada, mwaka 1986, waganga wawili, Hunziker na Barr, waliwaomba wazazi wawabebe watoto wao saa nyingi zaidi kila siku, wakakuta watoto hao walilia kidogo kuliko wenzao. Nyanya zetu walilijua jambo hilo bila kulipima. Tunachosema ni hiki tu: mbebe mchana, mbebe magaribi, na kwa usingizi wa kwanza wa usiku peke yake, mteremshe kabla hajazama. Kazi moja kwanza. Akiizoea hiyo, nyingine zitafuata.

Na akiamka usiku? Mjibu kama Eli, kwa kupanda ngazi polepole. Kwanza sikiliza. Mtoto anayegugumia na kujinyoosha mara nyingi hajaamka bado. Ukimnyanyua upesi, wewe ndiye uliyemwamsha. Akiendelea, mpe sauti yako: maneno mawili matatu, ya kila usiku, kwa sauti ya chini. Akiendelea, mwekee mkono kifuani, au mpigepige polepole. Akiendelea, mwinue, mtulize, mrudishe. Na kama ni saa ya kunyonya, mnyonyeshe bila mazungumzo, kisha pahali pake. Usiku wa kwanza utapanda ngazi yote. Usiku wa saba labda utaishia kwenye sauti. Jino likitoka, au homa ikija, atarudi nyuma. Mhudumie, na akipona anzeni tena bila kumlaumu.

Upole huu usidhaniwe kuwa ni kumwacha mtoto atawale nyumba. Eli huyohuyo anakemewa katika sura hiyohiyo kwa sababu hakuwazuia wanawe wakubwa. Kazi ya mzazi ni kushika mpangilio. Mtoto akijibiwa leo kwa kucheza, kesho kwa kupigwa, keshokutwa kwa kunyamaziwa, hajui ashike lipi. Mkono usiobadilika unamtuliza.

Pahali pa kulala pawe salama. Mlaze chali, kila mara, usiku na mchana, mpaka atimize mwaka mmoja. Marekani walipoanza kuwafundisha wazazi jambo hilo kwa bidii mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Godoro liwe gumu kidogo. Mto usiwepo, wala blanketi zito karibu na uso. Ni vizuri awe na pahali pake mwenyewe katika chumba cha wazazi. Kama kitanda ni kimoja, na kwa wengi wetu ni kimoja, asilale kati ya watoto wenzake, wala karibu na ufa wa ukuta ambamo anaweza kutumbukia, wala kando ya mtu aliyekunywa pombe au dawa ya usingizi. Usilale naye kwenye kiti cha saloni. Chandarua chenye dawa kichomekwe vizuri chini ya godoro, maana malaria ni kati ya magonjwa yanayoua watoto wengi wa inchi yetu.

Na kwa ajili ya baridi ya milima yetu, tusikieni sana: mbabula yenye makala isiingie chumba cha kulala. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu; familia inalala na haiamki. Mvike mtoto nguo ya pili na soksi, mbabula ibaki nje.

Sasa neno kwa wengine wa nyumbani. Katika sura ya kwanza, Elkana anapanda Shilo pamoja na jamaa yake kwa sadaka ya mwaka. Hana anasema hatakwenda mpaka mtoto aachishwe maziwa. Elkana hakumshitaki kuwa imani yake imepoa. Alimwambia afanye aonavyo vema. Papa, huo ni mfano wako. Kuna mambo ya usiku yasiyohitaji ziwa: kumbadilisha mtoto nguo, kumtuliza kifuani, kumrudisha kulala. Chukua zamu moja. Asubuhi mshike mtoto saa moja, mama aongeze usingizi. Mwanaume aliyembeba mtoto wake saa nane ya usiku hajapungua uanaume. Amejibu kama kuhani wa Mungu alivyojibu.

Nyanya, mwana mkwe wako akimteremsha mtoto kitandani akiwa bado macho, usiseme hampendi. Msaidie kushika wimbo uleule. Wewe unazijua nyimbo kumshinda. Majirani, umeme ukirudi usiku wa manane tunajua mna hamu ya muziki. Kumbukeni ukuta ni mbao. Na wazee wa kanisa, Shilo ilimngoja Hana. Mama anayenyonyesha asipoonekana kwenye mkesha, asiandikwe kati ya walegevu. Mabafle ya mkesha nayo yageuzwe ndani. Mungu aliyemsikia Hana, ambaye midomo yake ilicheza tu na sauti haikutoka, hahitaji bafle mbili saa tisa ya usiku juu ya vichwa vya watoto wa Kadutu au wa Birere.

Kuna wanaotusikiliza ambao vita imewafukuza kwao, wanaolala watu wanane katika chumba kimoja cha jamaa au chini ya hema. Mtaniuliza: mpangilio gani huko? Wapenzi, hatuwadai kitanda wala chumba. Mpangilio unaweza kukaa katika kitambaa kimoja, wimbo mmoja na maneno mawili ya maombi. Mtoto aliyehamishwa mara tatu bado anajua sauti ya mama yake na harufu ya kitenge chake. Mkivishika hivyo kila magaribi, mmembebea nyumba.

Tumalizie na mara ya tatu ya Eli, pale alipofahamu kwamba kuna sababu. Kuna kuamka na kuna kulala ambako si kwa kawaida. Mtoto wa chini ya miezi miwili akiwa na homa au akiwa baridi isivyo kawaida, mtoto anayelala mno hata haamki kunyonya, anayepumua mbio na mbavu zinaingia ndani, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, anayelia kilio kikali kisicho cha siku zote: huyo hafundishwi usingizi. Huyo anapelekwa kituo cha afya usiku huohuo. Msingoje asubuhi, wala msingoje maombi yaishe. Ombeni mkiwa njiani.

Vilevile mtazameni mama. Kama hapati usingizi hata mtoto akilala, kama analia siku nyingi, kama mawazo ya kujidhuru au ya kumdhuru mtoto yanamjia, asifichwe wala asiambiwe kwamba ana pepo. Huo ni ugonjwa unaojulikana baada ya kuzaa, na unatibika. Mtu mmoja abaki na mtoto, mwingine amsindikize kwa mganga.

Zaburi ya 121 inamsifu Mungu ambaye usingizi haumpati. Sisi usingizi unatupata, na hilo si dhambi. Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, katika 1 Wafalme 19, malaika hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale, akampa chakula, akamwacha alale tena. Mama uliyechoka, Mungu anajua dawa ya uchovu wako. Watu wa nyumba yako nao waijue.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyemwita Samweli usiku, uwape wazazi wetu subira ya Eli na macho ya kuona sababu. Uwape papa mikono iliyo tayari, majirani huruma, na kanisa lako masikio. Uwalinde watoto wote wanaolazwa magaribi ya leo, kitandani, mkekani au chini ya hema. Na mama ambaye hajalala tangu juzi, umpe mtu wa kumpokea mtoto usiku huu. Katika jina la Yesu. Amina.